Mwenye Daftari na Mwenye Jina

Tangu zamani wafugaji wa Nyanza walizoea kuwekeana ng'ombe. Mtu mwenye mifugo mingi hakuiweka yote katika boma moja. Aliwagawia jamaa na marafiki wa mbali wamtunzie, ili maradhi yakiingia upande huu, upande ule usalimike. Aliyepewa alikunywa maziwa na kutia samadi katika shamba lake, lakini ng'ombe hakuwa wake. Mwenyewe alipokuja alipelekwa zizini akahesabu. Amana ya namna hii ina matata yake, walakini ina wepesi mmoja mkubwa: kilichopotea huonekana kwamba kimepotea. Mwizi wa ng'ombe huacha kamba tupu.

Iko amana nyingine, ambayo katika siku zetu imeenea kuliko ile ya ng'ombe, nayo haina wepesi huo. Ni amana ya habari za watu. Tuseme karani wa chuo amewekewa majina ya wanafunzi elfu tano, tarehe zao za kuzaliwa, nambari za vitambulisho vyao, na alama walizopata. Mtu akija usiku akayaiba yote, asubuhi daftari litakuwa limejaa kama lilivyokuwa jana. Hakuna neno lililopungua. Mwenye jina ataamka salama, na mwenye daftari atafungua ofisi kwa ufunguo ule ule, wala hapana kati yao ajuaye kwamba kitu kimekwenda. Basi swali ninalotaka tulifikiri, msomaji, ni hili: mtu anadaiwa nini kwa kitu kisicho chake, ambacho kikiibwa hakipungui, na ambacho mwenyewe hawezi kuja kukihesabu?

Usidhani kwamba swali hili ni la watu wazima tu. Baada ya miaka michache huenda ukaandikishwa katika Chuo Kikuu cha Maseno, au katika kile cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo, au katika Politekniki ya Taifa mjini Kisumu. Siku hiyo utatoa habari nyingi kwa saa moja kuliko ulizopata kumwambia rafiki yako yeyote. Utaulizwa jina la baba na kama yu hai, kazi ya mama, nambari ya simu, na utatoa hati ya daktari. Kisha chuo kitaendelea kukujua. Kitajua karo unayodaiwa, mkopo uliopewa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, somo uliloanguka mara mbili, siku uliyokwenda zahanati na sababu iliyokupeleka. Ndugu zako wa tumbo moja hawatajua nusu ya hayo. Tena yawezekana siku moja wewe mwenyewe ukawa karani, maana wale wanaoketi katika masjala za vyuo leo, juzi tu walikuwa katika madawati kama lako.

Vyuo vingi huwapelekea wafanyakazi wao matangazo ya utawala kila mara. Tangazo hueleza kwamba bibi fulani amepandishwa cheo, kwamba baraza litakutana mwezi ujao, kwamba maji yatakatika Jumamosi. Na chini kabisa huwa pana maneno haya: badilisheni nywila zenu, msifungue barua pepe msizozijua asili yake, fungeni kompyuta zenu hata mnapokwenda kunywa chai. Wafanyakazi huyasoma maneno hayo jinsi abiria wa matatu asomavyo onyo lililobandikwa mlangoni. Huyaona ni kelele za mafundi wa kompyuta. Mimi naona ndiyo sehemu ya tangazo inayohusu tabia njema kuliko zote, na kwamba aliyeiweka chini ya habari za maji amekosea mpango.

Fikiri jinsi hila inavyofanya kazi. Mlaghai wa siku hizi haji na shoka. Huandika barua pepe yenye nembo ya chuo, akajifanya yeye ni mhazini: mshahara wako wa mwezi huu umezuiliwa, bonyeza hapa uthibitishe nywila yako. Karani mwenye watoto wa kulipiwa karo hutaharuki. Hubonyeza, na ukurasa unaofunguka umefanana na ule wa kila siku kama pacha na pacha mwenziwe. Huandika nywila yake, na kwa muda wa kufumba na kufumbua ametoa ufunguo, si wa sanduku lake, bali wa ghala lililojaa mali ya wengine. Ndiyo maana wakuu wa kompyuta hutaka nywila iwe ndefu, tena isiwe ile itumikayo mahali pengine. Na ndiyo maana hudai uthibitisho wa pili, kama tarakimu zinazoletwa kwa simu, ili aliyeiba nywila peke yake abaki nje ya mlango.

Liko kosa jingine ambalo halihitaji mlaghai. Mkubwa wa idara amesafiri kwenda Nairobi, kazi imesimama, basi humpigia msaidizi wake simu na kumtajia nywila yake. Husema ni kuaminiana. Lakini katika kompyuta za ofisi kila faili linapofunguliwa huandikwa nani amelifungua na saa ngapi, na tangu dakika ile maandishi hayo husema uongo. Alama ya mwanafunzi ikigeuzwa kutoka D kuwa B, itaonekana mkubwa ndiye aliyeigeuza, naye alikuwa safarini. Kumwazima mtu nywila ni kumwazima sahihi yako. Hapana mkubwa mwenye akili awezaye kutia sahihi karatasi ishirini tupu na kumwachia msaidizi azijaze apendavyo.

Wala tusiitupie kompyuta lawama zote. Nimepata kununua njugu karibu na kituo cha magari mjini Kisumu, na nilipoikunjua karatasi iliyofungiwa nikaona orodha ya alama za mtihani wa chuo kimoja, majina kamili na nambari za usajili. Mwuza njugu hakuwa na hatia. Alinunua karatasi kwa kilo. Aliyezitoa ofisini bila kuzichana aliona ni takataka. Maneno yale yalikuwa yamekwisha kazi kwake, na kwa kuwa yamekwisha kazi kwake alidhani yamekwisha thamani kwa kila mtu.

Hapo ndipo hukaa kosa la asili. Karani mwema, asiyeweza kuchukua shilingi ya mtu, husema: nani atake habari za mtoto wa mchuuzi wa omena? Hana mali, hana cheo, hana adui. Jibu ni kwamba habari za mnyonge zina soko, na mara nyingi mnunuzi hamjui yule anayemnunua. Mwezi wa Juni mwaka 2021 Wakenya wengi walipochungulia rejista ya vyama vya siasa, waliona wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakupata kuviomba uanachama. Mtu mmoja mahali fulani alikuwa na majina yao na nambari za vitambulisho, akayatumia kujaza hesabu. Hawakuibiwa senti. Lakini sauti yao ilikuwa imesemwa na kinywa kingine, na wengi wao wasingejua kamwe kama mlango wa kuichungulia ile rejista usingefunguliwa.

Watu wa pwani ya ziwa hili waliyajua maumivu hayo kabla ya kompyuta. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuwa na hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na habari za kazi yake: nani alimwajiri, siku gani alianza, siku gani aliachishwa, na kwa mshahara gani. Hati hiyo ilitiwa katika kibweta cha chuma kikaning'inizwa shingoni. Hicho ndicho kipande, na wako waliokifananisha na kengele ya shingoni mwa mbuzi. Vijana wengi wa Nyanza walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, katika reli na katika bandari ya Mombasa, nao walibeba kifuani maneno waliyoandikiwa na wengine. Wengi hawakuweza kuyasoma. Bwana mpya alisoma mshahara aliolipa bwana wa zamani, akajua mtu huyu hukubali kiasi gani. Mwenye jina alitembea na daftari, lakini kalamu haikuwa yake.

Mwezi wa Desemba mwaka 1921 watu walikusanyika Lundha, katika nchi ya Gem, katika harakati iliyoitwa Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Mwenyekiti wa chama kilichozaliwa na harakati hiyo alikuwa Jonathan Okwiri, mwalimu, na wengi wa wenziwe walikuwa wamesoma Maseno, katika shule iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1906. Pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa, walilalamikia kipande. Inanipendeza kukumbuka kwamba waliokuwa mbele katika malalamiko hayo walikuwa watu waliojua kusoma. Walijua hati ni nini, na walijua kwamba kuandikwa na mtu asiyewajibika kwako ni namna moja ya kufungwa. Kipande kilikaa muda mrefu baada ya mkutano ule. Hakikuondolewa ila baada ya Vita Kuu ya Pili.

Wako watakaosema kwamba nimekwenda mbali, kwa kuwa chuo si mkoloni, na mwanafunzi hutoa habari zake kwa hiari. Kweli, tofauti ni kubwa. Lakini hiari ya kijana aliyesimama kwenye foleni na fomu mkononi ni ndogo kuliko tunavyopenda kudhani. Akikataa kujaza, hataandikishwa. Hiari ya namna hiyo humwongezea mwenye daftari deni, haimpunguzii.

Nchi yetu imelitambua deni hilo kwa maandishi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha, na mojawapo ya maana yake ni kwamba habari za jamaa yake au za mambo yake ya binafsi zisitakwe wala zisifichuliwe pasipo haja. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Kulinda Data, na mwaka uliofuata Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, akala kiapo. Kwa sheria hiyo, habari za watu zikivuja na pana hatari ya kuwadhuru, mwenye kuzitunza hana budi kumwarifu Kamishna kabla ya saa 72 kupita tangu alipojua, tena awaarifu na wenye majina. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Shule ile haikuibiwa na mtu. Ilitoa yenyewe.

Sharti lile la saa 72 ndilo linipendezalo kuliko faini. Faini humwogofya mwoga, na mwoga akiogofywa huficha. Lakini kulazimishwa kusema, mapema, kwamba kitu cha mwenzako kimepotea mikononi mwako, ni kurudishwa katika ule wepesi wa ng'ombe: mwenye mali haambiwi zizi limejaa na hali halikujaa. Ofisi nyingi hupenda kunyamaza. Husema tusiwatie watu hofu, tungoje uchunguzi umalizike, jina la chuo litachafuka. Tazama jinsi jina la chuo linavyotangulizwa, na majina elfu tano yanavyobaki nyuma.

Hapo lakini twakutana na shida, na sipendi tuipite kwa haraka. Mtu aliyezoezwa kutunza siri aweza kuzoea kuficha kila kitu. Mkuu wa chuo akiulizwa fedha za mabweni zilikwenda wapi, huona fahari kusema kwamba habari hizo ni za siri; na karani aliyefundishwa kufunga makabati hufunga na hilo. Kama usalama wa habari ndio huo, basi umekuwa kichaka cha waovu. Nchi yetu ina sheria nyingine, ya mwaka 2016, impayo raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa ofisi za umma, nayo hutaka ombi lijibiwe kabla ya siku 21 kupita. Sheria mbili hizi, moja ikisema fungua na moja ikisema funga, huwatatiza watu wengi. Mimi sioni kwamba zinagombana. Ile ya kwanza huangalia nguvu, na ya pili huangalia unyonge. Zabuni, mishahara ya vyeo, maazimio ya baraza, hesabu za karo iliyopokewa na jinsi ilivyotumika: hayo ni matendo ya wenye nguvu, na umma una haki ya kuyaona. Ugonjwa wa mwanafunzi, deni lake, talaka ya wazazi wake, hayo ni mambo ya mtu asiye na nguvu mbele ya ofisi, na ofisi haikupewa ili iyaonyeshe.

Ukilipima jambo kwa kipimo hicho utastaajabu jinsi desturi zetu zilivyo kinyume. Katika vyuo vingi si kitu kigeni kuona ubao wa matangazo umebandikwa orodha ya wanafunzi wasiomaliza karo, kila jina na deni lake, mahali ambapo wenzao wote watapita. Lakini ukitafuta kwenye ubao ule ule hesabu ya matumizi ya chuo, huioni. Siku hizi baadhi ya ofisi zimejisahihisha nusu: badala ya jina huandika nambari ya usajili, kana kwamba wanafunzi waliokaa pamoja miaka mitatu hawajuani nambari.

Nimekwisha kusema yaliyo rahisi. Lililo gumu ni hili. Mama mmoja, mchuuzi wa omena, ametoka Mbita alfajiri, akavuka kwa kivuko hadi Luanda Kotieno, akapanda matatu, akafika kwenye dirisha la masjala saa sita mchana. Amemsomesha mwanawe kwa miaka miwili kwa faida ya debe moja moja. Amesikia maneno kwamba kijana haendi darasani. Humwambia karani: "Mwanangu, nitazamie tu. Nataka kujua kama fedha yangu inasoma." Karani ana faili mbele yake. Aliona kwa kutupa jicho moja kwamba kijana hakufanya mitihani ya muhula uliopita. Kijana ana umri wa miaka 20.

Desturi iko upande wa mama, na si desturi tupu. Ni jasho lake lililomo katika risiti zile, na kwetu mtoto hamalizi kuwa wa mamaye kwa sababu ametimiza miaka 18. Huruma nayo iko upande wake. Juu ya hayo, kusema kweli si kosa, na anachotaka kujua ni kweli. Hata hivyo nasema karani asimwambie. Alama zile zimeandikwa kwa jina la kijana, na aliyemkabidhi karani ni kijana kwa kupitia chuo. Karani hajui nyumba ile ina nini ndani yake. Hajui kama anayesimama mbele yake ni mama mzazi, au shangazi mwenye ugomvi, au mtu aliyetumwa. Leo atamwambia mama mwenye machozi ya haki, kesho atamwambia baba wa kambo mwenye fimbo, kwa kuwa huyo naye atakuja na machozi. Karani hakupewa kazi ya kupima machozi.

Walakini yako majibu mawili ya kukataa. La kwanza ni kufunga dirisha na kusema sheria hairuhusu. La pili huchukua muda. Humpa mama kiti na maji. Humpigia kijana simu, papo hapo, na kumwambia: mama yako yuko hapa, amevuka ziwa, njoo useme naye. Humweleza mama ni kiasi gani amelipa na kwa risiti zipi, maana hizo ni zake mwenyewe na anazo mkobani. Humwonyesha fomu ambayo kijana akiitia sahihi, mama ataweza kusomewa alama zake kila muhula. Huenda kijana asije. Huenda simu imezimwa, na mama arudi Mbita na kile kile alichokuja nacho, akiwa ametumia nauli ya siku mbili. Karani atakwenda nyumbani jioni hiyo na uzito moyoni, na sina dawa ya kumpa.

Jambo moja tu hugeuza hukumu yangu. Ikiwa yaliyomo katika faili si alama bali ni habari kwamba kijana amelazwa hospitalini hajitambui, au mwenzake amekuja ofisini asubuhi hiyo akisema ameachiwa barua ya kuaga, basi sheria yenyewe hufungua mlango, kwa kuwa imeruhusu habari kutumika pale uhai wa mtu unapotaka kuokolewa. Hapo karani asitafute fomu wala asingoje mkubwa arudi kutoka Nairobi. Amwambie mama kabla hajaketi.